Alasiri Darubini Iliporushwa na Simu Ikazima

Udongo wa mgombani ukishanyeshewa na mvua ya Desemba hutoa harufu tamu kama ya pombe ya ndizi inayoanza kuchacha, na mpaka leo nikiisikia naikumbuka Krismasi moja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kwetu Kanazi, wilayani Ngara. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imemvimba. Shangazi Leokadia, dada yake baba, mwalimu wa sayansi huko Nyarubungo, Biharamulo, alikuja likizo na darubini ya mkono aliyoinunua mnadani, ya mtumba, kioo kimoja kimechubuka. Kila jioni mvua ikikatika alituita uani. Sayari za Zuhura, Zohali na Mshtarii zilikuwa zimejipanga upande wa machweo. Aliniegemeza viwiko ukutani ili mikono isitetemeke, nami nikaona vinukta vidogo pembeni mwa Mshtarii. “Hiyo ni miezi yake,” aliniambia, nikacheka kwa raha.

Alituambia pia kwamba alasiri ya Krismasi wataalamu wangerusha darubini kubwa kuliko zote zilizowahi kupelekwa angani. Ilikuwa imekunjwa ndani ya roketi kama mwavuli. Ingejikunjua yenyewe huko mbali, na ikikwama hakuna fundi wa kuifuata. Jambo hilo lilinikosesha usingizi.

Mkesha wa Krismasi mama akaanza kutokwa damu. Baba alimpeleka hospitali kwa gari la jirani, na kabla ya kupanda alimshika shangazi mkono. “Dada, simu yako isizimike. Lolote likitokea nitaazima simu nikupigie.” Nyumbani hakukuwa na simu nyingine. Umeme hatukuwa nao, na sola ya dukani, tulikochajia simu, ilikuwa imeshindwa na mawingu ya wiki nzima.

Kesho yake, baada ya misa, shangazi alikwenda shambani kukata ndizi, akaniachia simu. “Ikilia, niite kwa sauti yako yote.” Ilipofika saa tisa nikaifungua, nikijiambia nitatazama urushaji mtandaoni dakika moja tu. Roketi ikaruka, ikatoboa mawingu, nami nikashindwa kuondoa macho. Nilitazama hadi darubini ilipojitenga, ikaelea peke yake gizani, paneli yake ya jua ikifunguka na kung’aa. Nikapiga makofi. Hapo hapo kioo cha simu kikawa cheusi.

Shangazi aliporudi nilimwambia imezima yenyewe. Alikimbia nayo dukani, akarudi nayo vilevile. Jioni ile mbingu ilitakata, lakini hakutuita uani. Giza lilipoanza kuingia, bodaboda ikapanda kilima.

“Shikamoo, mwalimu,” dereva alisema akihema. “Nimetumwa kutoka hospitali. Mgonjwa anatakiwa kuongezewa damu, wanatafuta ndugu wa kumtolea. Mzee anakupigia tangu saa kumi, hupatikani.”

Shangazi hakuitikia hata salamu. Alijifunga kitenge, akapanda na kandambili zake za shambani, wakaondoka. Nikabaki na wadogo zangu wawili, nikiwapikia na kuwadanganya kwamba mama amepumzika. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, na kwa siku tatu kila pikipiki iliyopita barabarani niliiona imebeba kifo. Katika rozari nilikuwa nikiwachanganya mama na ile darubini, nikiomba wasikwame wote wawili.

Siku ya nne shangazi akarudi, uso umesinyaa. “Mama yako mzima. Na mtoto mzima, wa kiume.” Nililia mpaka akadhani ni furaha. “Simu hii betri yake imekufa,” akaongeza. “Nusura ituulie mtu.” Nikaipokea, nikaiweka mezani.

Sasa nasomea ualimu. Kanazi umeme umefika. Taa za majirani zimezifuta nyota nyingi hafifu tulizokuwa tukizihesabu, na picha za darubini ile naziona wakati wowote nikitaka. Watoto wa siku hizi wana mengi ya kutazama na machache ya kungojea kwa hofu. Krismasi iliyopita nilimweleza mama yote, akiwa anachambua maharage. Hakuinua uso mpaka ungo ulipoisha.

“Na hicho chombo, kilifika?”

“Kilifika, mama.”

“Vizuri. Basi kesho na wewe upande gari, ufike Nyarubungo, umwambie shangazi yako mwenyewe.”