Chupa Iliyoandikwa Humaine

Mama alipata kisukari miaka miwili kabla ya vita kufika Butembo. Kila asubuhi, nyumbani kwetu Vulamba, nilimchoma sindano ya insulini kabla ya kwenda kufundisha. Ilitoka kwa nguruwe. Mama alijua, na hakujali.

Vita vilipofunga barabara ya Beni, duka la dawa la misheni likaishiwa. Tulibaki na chupa moja. Niliiweka kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji ili isiharibike kwa joto, nikapunguza kipimo. Mama akakonda, akawa anakunywa maji bila kukoma. Alipolala niliinama kunusa pumzi yake, nikiogopa harufu ya matunda yaliyoiva mno, dalili kwamba mgonjwa wa kisukari yuko hatarini.

Siku ya tisa, mtawa aliyesimamia duka akaniita. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amevusha chupa nne kutoka Uganda. Nilikimbia nazo nyumbani. Mama akasoma kibandiko polepole: *insuline humaine*, insulini ya binadamu kwa Kifaransa. Akanirudishia.

"Humaine, donc inatoka mu mutu. Wiki hii tumezika batu ngapi? Miye sitaki."

"Mama, haitoke mu mutu."

"Sasa juu ya nini baliandika vile?"

Niliziweka chupa kwenye chungu. Saa nane mchana akaanza kutapika, na ile harufu ikaja. Nikamrudia mtawa mbio. Tulipita kizuizi cha askari kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma yake.

Mtawa akaketi kitandani kwa Mama. "Mama, hapana balimupasua mutu. Mwili yako iko na maagizo ya kutengeneza insulini. Batu ya sayansi baliandika ile maagizo, baliiweka ndani ya kidudu kidogo sana, kama levire, ile hamira ya mukate. Kidudu ndiyo inaitengeneza, kisha banaisafisha."

Mama akauliza, "Hakuna mwenye alikufa?"

"Hakuna."

"Basi, choma."

Lakini dawa hiyo ilikuwa kali kuliko ile ya zamani. Mtawa alinionyesha kipimo kipya mara tatu, na bado nikakipima tena. Nikizidisha, nitamuua mimi mwenyewe. Nilichoma, nikakaa kando yake na chai ya sukari tayari, sukari ya damu isije ikashuka mno, nikimwita kila mara aitike.

Kesho yake aliomba maharage. Askari walipoondoka hatimaye, alikuwa bado hai. Mimi sikupata usingizi mzuri miezi yote ile. Siku ile ya maharage, barabara ilikuwa bado imefungwa, na chupa ya kwanza kati ya zile nne ilishaanza kupungua.