Siku Niliyowapelekea Wakwe Kisu

Wacheni niwasimulie mwenyewe, maana najua video mmeshaiona na kila mtu ameitia chumvi yake: ndiyo, ni mimi yule mama wa kitenge cha kijani, nimesimama na kisu wazi mkononi juu ya kichwa cha mzee wa watu, katikati ya maombi, kwenye ukumbi wa kanisa Blacktown, huku Australia. Aibu ile simwombei hata adui yangu. Lakini aibu imepungua, hasira ndiyo imebaki, na leo mtanisikiliza mpaka mwisho kwa sababu siku ile hakuna aliyenisikiliza.

Mnajua mimi hukusanya visu vya mfukoni. (Naam, mwanamke mzima, nesi, mama wa watoto. Chekeni mmalize.) Ugonjwa huu niliambukizwa na Mzee Ron, Mwaustralia niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Granville, ambaye kila nikimaliza kumpa dawa alikuwa akinitandazia visu vyake kitandani na kunipa historia ya kampuni moja ya Marekani, jinsi ilivyoanza na ndugu wa familia moja wakiuza visu kijiji kwa kijiji kwa mkokoteni wa farasi, wakaja kujenga kiwanda, na visu vyao vikaingia mifukoni mwa wakulima, mafundi, hata wanajeshi waliokwenda vitani. Kilichoninasa mimi ni nukta. Kuna kipindi kiwanda kilikuwa kikigonga nukta ndogo ndogo chini ya jina lake, pale bapa linapokutana na mpini, na kila mwaka wanaondoa moja, kwa hiyo anayejua akizitazama anakuambia kisu kilizaliwa mwaka gani.

Basi Kevin, mtoto wa marehemu kaka yangu, akatuambia amepata mchumba, Furaha, binti wa Kikongo, familia zikapanga kutambulishana. Mimi nilikuwa nimenunua duveti kama kila mtu. Siku yenyewe nimeshavaa, nimeshajipaka wanja, ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo: duveti nikaiacha, nikachukua kisu ambacho nilikitafuta muda mrefu, cha zamani lakini kipya kabisa, hakijawahi kukata hata uzi, mpini wa mfupa wa rangi ya asali, na nukta zake ni za mwaka aliozaliwa kaka yangu. Kevin alimzika baba yake hata shule hajaanza. Nilitaka awe na kitu cha umri wa baba yake cha kushika mkononi, basi. Nikakifunga kwa karatasi nzuri, nikakiweka kwenye buti ya gari (huku polisi hawana mchezo na mtu anayetembea na kisu), nikaenda.

Nilipanga nimpe pembeni, tukiwa wawili. Lakini mlangoni kulikuwa na meza ya zawadi na dada mmoja mwenye tabasamu, akaninyang'anya, eti "leta nikusaidie Auntie," nami nikakiachia nisionekane mbinafsi. Halafu MC wetu, Denno, kijana asiyejua kunyamaza, akaamua yeye mwenyewe, bila kumuuliza mtu, kwamba zawadi zifunguliwe pale pale mbele ya watu. Duveti. Duveti. Sufuria. Duveti. Kisha nikamwona anachana karatasi yangu.

"Na hapa tuna... ngai! Shangazi wa bwana harusi ameleta kisu!"

Mama Furaha, mama wa binti, akainuka na kilemba chake kirefu.

"Kisu? Siku ya kuunganisha batu, munaleta kitu ya kukata? Muko munatuambia nini?"

Hapo ningeomba radhi nikakaa. Lakini mimi nikaenda mbele, nikachukua maiki, na (sijui nani alinituma) nikaanza na ule mkokoteni wa farasi. Nilidhani watu wakijua heshima ya kile kisu wataelewa. Nikapita kwa wale ndugu, nikafika kiwandani, nikaeleza mifupa inavyochongwa, na nilipoona Mama Furaha bado amekunja uso nikasema, "Mama, usiogope, kisu hiki hakijawahi kukata kitu chochote."

"Basi iko nangojea nani?"

Jamani, watu walicheka mpaka viti vikalia. Nikasema ngojeni, sijafika kwenye nukta, nukta ndiyo sababu yenyewe! Denno akaninyang'anya maiki. "Asante Auntie kwa somo la historia, sasa pasta atuombee chakula." Sentensi moja tu. Nilikuwa nimebakiza sentensi moja!

Nikarudi kukaa na hasira zangu. Pasta akaanza kuomba, naye alianza mbali, akaombea Kongo, akaombea Kenya, akaombea viza za watu. Nikafungua jicho moja niangalie kisu changu kiko wapi. Hakikuwa mezani. Kilikuwa kwa Tonton Bahati, mjomba wa binti, aliyeshindwa kungoja amina, na alikuwa akikatia ubavu wa mbuzi! Kisu hicho hicho walichosema ni mkosi! Kisha akachukua limau. Limau, jamani, kwenye chuma cha aina ile, ambacho tone la tindikali linakiachia doa jeusi la milele!

"Weka chini!" Sikujua nilipaza sauti kiasi gani. Niliruka viti, nikakinyakua, na watu wote walipofumbua macho wakaniona nimemsimamia mzee wa watu, kisu kinachuruzika mafuta. Mtu akapiga yowe. Na simu ilikuwa ikirusha sherehe moja kwa moja hadi nyumbani Nakuru, kwa hiyo hata sijafika nje mama yangu alikuwa ananipigia: "Nasikia umemtolea mkwe kisu?"

Kevin alinikuta kwenye maegesho nikikisugua kwa upindo wa kitenge. Doa lilikuwa limeshakaa. Hakunigombeza, akasema tu, "Auntie, why?" Nikamwonyesha nukta, nikamwambia zinasema nini. Akazihesabu kwa kidole. "Ni mwaka wa Dad?" Akakikunja polepole, akakishika kwa mikono miwili, akaanza kulia, mwanamume mrefu vile.

Mama Furaha alikuwa ametufuata, akasikia yote. Akaniwekea mkono begani.

"Pole, dada. Lakini ungesema."

Ningesema! Na mimi nilikuwa nafanya nini pale mbele, nikiimba?

Uchumba haukuvunjika, namshukuru Mungu, na Tonton Bahati hunisalimia akiwa mbali kidogo. Lakini nimeapa: cha moyoni nitampelekea mwenyewe nyumbani kwake, mlango umefungwa, na nitaanza na lile neno moja la maana. Historia atanisikiliza baadaye, akitaka.