Watu Tisa na Wimbo wa Kicheki

Jumapili moja asubuhi, katika kanisa letu la Mwananyamala, watu tisa tulisimama mbele ya madhabahu tukaimba wimbo mzima wa Kicheki, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua anaimba nini. Hatukuwa na kinanda wala ngoma. Tulipomaliza, kanisa zima lilikaa kimya, na kanisa letu halijui kukaa kimya. Hata wakati wa maombi lazima kiti cha plastiki kilie mahali au simu iite. Siku hiyo nilisikia feni tu.

Wimbo huo ulikuja ndani ya redio. Mwalimu wetu wa kwaya ni fundi cherehani, mama wa makamo, na alinunua redio ya mtumba Temeke ili asikilize taarifa ya habari huku anashona. Alipofika nyumbani akabonyeza kitufe, kifuniko kikafunguka, na ndani mlikuwa na CD ambayo mwenyewe huko Ulaya alisahau kuitoa. Aliniletea mimi kwa sababu nina kimbelembele cha kupekua mambo. Maandishi yake yalikuwa na vialama vidogo juu ya herufi, kama inzi waliotua. Niliyatafuta mtandaoni nikapata jibu: Kicheki, nyimbo za asili za vijijini zilizopangwa upya kwa kwaya. Basi. Karatasi ya maneno haikuwepo.

Tuliisikiliza kwenye kibaraza chake, kati ya sare za shule zilizosubiri vifungo. Mie nilitegemea kusikia umati. Kumbe walikuwa wachache. Ukitega sikio unaweza karibu kuwahesabu. Sauti ya kwanza ilianza peke yake, kama mtu anayeimba huku akifanya kazi nyingine, kisha nyingine zikaingia chini yake moja moja, polepole, mpaka kibaraza kikawa kidogo. Bodaboda zilipita nje na hazikuharibu kitu. Mwalimu alikuwa ameshika mkasi, kitambaa kiko mbele yake, hakukata.

"Wako wangapi hawa?" akauliza.

"Kumi hivi."

"Na hawana hata kinanda."

"Hawana."

"Basi sie tumekuwa tunalia nini?"

Tulikuwa na sababu ya kulia. Zamani kwaya yetu ilikuwa kubwa. Watu wakahama, wengine wakazeeka, wengi wakafuata kwaya ya vijana yenye spika na video zake. Baraza la wazee wa kanisa lilikuwa limeshatuambia kwamba tukibaki wachache namna hii tutaunganishwa na vijana. Sisi waimbaji tungepona, mtu anaweza kuimba popote. Mwalimu asingekuwa na pa kwenda, kwa kuwa vijana wana mwalimu wao. Ameiongoza kwaya hii tangu akiwa msichana. Alipoizima redio alisema tutauimba wimbo mmoja wa ile CD mbele ya wazee hao hao, wasikie kwamba watu tisa wanatosha.

Tulijifunza kama tunavyojifunza kila wimbo. Aliusikiliza, akaandika nota za do-re-mi ubaoni kwa chaki, kisha kila sauti ikachukua simu yenye wimbo na kona yake ya uwanja wa kanisa: soprano ukutani, alto karibu na bomba, teno getini, sisi besi nyuma ya choo, ndiyo nafasi yetu ya siku zote. Maneno tuliyashika kwa sikio. Tulipokutana kuunganisha, kabla ya ubeti wa tatu alto wote wakavuta pumzi kwa kishindo, kwa pamoja.

"Nyie akina mama, mnazama?" akauliza jamaa mmoja wa teno.

"Ipo kwenye wimbo," akajibu kiongozi wa alto. "Sikiliza kwanza, braza, ndiyo uje kutufundisha."

Tukasikiliza. Kweli ilikuwepo. Mwanamke fulani, katika chumba ambacho hatutakiona, alivuta pumzi karibu mno na kipaza sauti, na alto wetu wakaijifunza kama nota. Tulicheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. Yule mama hajui kwamba huku Mwananyamala kuna wanawake wanaopumua anapopumua yeye.

"Iacheni," mwalimu akasema. "Wao wamepumua hapo, na sie tutapumua hapo."

Ndivyo tulivyoimba Jumapili ile, pumzi na yote. Baada ya ibada mzee mmoja wa baraza alimfuata mwalimu nje, macho mekundu.

"Mwalimu, leo mmenishika pabaya. Sasa niambie, mmeimba nini?"

"Sijui, mzee."

"Hujui? Mbele ya madhabahu?"

"Sijui, ila nitajua."

Mzee akasema baraza haliwezi kuiacha kwaya isimame peke yake kwa wimbo ambao huenda ni wa kilabu cha pombe. Tulete maana yake, ndipo wataamua.

Simu hazikutusaidia. Maneno tuliyoyaandika kwa sikio ziliyatafsiri yakawa upuuzi mtupu. Mwishowe tulielekezwa kwa mhandisi mstaafu wa Temeke aliyesoma kwa Wacheki ujanani. Tulikwenda wawili, mwalimu na mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnataka Kicheki? Changu kimeota kutu."

Niliweka simu mezani. Ubeti wa kwanza alifumba macho. Wa pili midomo yake ikaanza kucheza. Wa tatu alicheka, kicheko kifupi cha puani, kisha akatoa leso akajifuta macho, na sikuweza kujua ni kwa kicheko au kwa jambo jingine.

"Unasemaje, mzee?" Mwalimu alikuwa ameketi ukingoni kabisa mwa kochi.

"Hiki si Kicheki cha mjini. Ni cha vijijini, mashariki huko. Kuna msichana, kuna maji... Ngoja. Nina mwenzangu niliyesoma naye, bado yuko hai. Nisije nikawadanganya watu wa kanisa."

"Lakini ni wimbo mbaya?"

"Ngoja nimuulize," akasema, na akaomba tuuanze upya.

Baraza linakaa Jumamosi hii kuamua kama kwaya yetu itabaki. Asubuhi ya leo mwalimu amenipigia kuuliza kama mhandisi amesema lolote. Nimemwambia bado.