Chebet Amesafiri Kwenda Kuangalia Chai

Leo wamenicheka pale kituo cha kupima majani ya chai, hapa Sosiot, na nikawaacha wacheke.

Barua ya Chebet wangu imefika, yule anayesoma chuo kikuu India. (Ndiyo, India kwenyewe.) Imekuja na shali aliyoninunulia Jumapili sokoni huko.

Nikawasomea wenzangu kwa sauti tukingoja lori.

Anasema Jumamosi walipanda basi na wanafunzi wenzake, masaa matano, kwenda kutembea milimani.

Kuangalia nini? Mashamba ya chai!

Mama Kiprono akashika kiuno. "Mama Chebet! Umeuza ng'ombe mtoto aende kuangalia chai? Si angekuja kwangu, nimpe na kikapu!"

Walicheka mpaka karani akaacha mizani.

Mimi nikaogopa kuendelea. Je, kama mbele ya hao wenzake ameona haya, akaficha anakotoka?

Nikasoma tu.

Wenzake walikuwa wakiwapiga wachumaji picha. Chebet akaomba kikapu, akachuma majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili, haraka. Wakamuuliza amejifunza wapi.

"Nikawaambia, mama yangu ni mchumaji. Ndiye aliyenifundisha."

Mama Kiprono akasogea karibu: "Hebu rudia hapo."

Nimerudia mara tatu. Nyinyi mngerudia mara ngapi?