Kitambaa cha Sola

Juzi, nikipita mtaa wa Satellite, niliona sola ndogo juu ya bati la kibanda, na papo hapo nikasikia harufu ya omena, wale dagaa wa Mama, wakikauka juani.

Utotoni tulikaa mtaa wa Sarang'ombe. Mama alifunika kila kitu kizuri kwa kitambaa cha kufuma: viti, redio, hata jagi la maji. Sola yetu ya kwanza ilipowekwa juu ya paa, niliiona imelala uchi kwenye vumbi na jua kali, nikaihurumia. Alasiri hiyo hiyo nilipanda juu ya pipa, nikaifunika kwa kitambaa cheupe cha redio. Jua lilipenya matundu yake, likadondoka juu ya kile kioo cheusi punje punje, kama mtama. Nilizitazama punje hizo kwa muda mrefu, nikinusa bati la moto.

Mama aliporudi kutoka sokoni alitazama juu.

"Nani amefunika sola?"

"Ni mimi. Isichafuke."

Nilingoja kofi, maana dada yangu Achieng alikuwa na mtihani kesho yake, na taa ya sola ndiyo angesomea. Mama alicheka hadi akaketi chini.

"Hii ndio kitu pekee kwa hii nyumba haitaki kitambaa!"

Jioni taa iliwaka kidogo tu, Achieng akasoma kurasa mbili, ikazimika.

Siku hizi nafundisha fizikia. Huwaambia wanafunzi kwamba nuru huja kwa punje, na punje ikigonga sola hung'oa elektroni. Wao huandika. Mimi huzikumbuka zile chache zilizopita kwenye matundu, zikamfikisha Achieng ukurasa wa pili.