Udongo wa Itongo

Mdogo wangu alinipigia simu akiwa na furaha tele: ameanza kufyatua matofali ya kumjengea mama nyumba. Nikamuuliza udongo anautoa wapi. "Kwenye itongo," akasema, "pale ni laini, hakuna mawe." Kesho yake asubuhi niliomba ruhusa shuleni Kasulu, nikapanda gari la Kibondo. Mimi jambo likinikera sikai.

Itongo kwetu ni mahali kaya ilipokuwa zamani, ikahama. Pale waliishi babu na bibi. Mazao ya shamba zima yaliishia pale, na mabaki yote yakatupwa pale: majivu, samadi, mifupa, maganda ya ndizi. Ndiyo maana maharage ya mama yalistawi pale, wakati kule juu mlimani mahindi yake huota na majani ya zambarau, kisha yanadumaa.

Nafundisha baiolojia, kwa hiyo kidonda hiki nakijua jina. Ni ukosefu wa fosforasi. Nitrojeni maharage yanaweza kuipata hewani, lakini fosforasi hutoka kwenye mwamba, tena polepole mno. Huingia kwenye udongo, mmea, tumbo na mfupa, halafu hurudi shambani kwa samadi, majivu na kuoza. Nyingine mvua huikokota hadi mtoni, ikaingia Malagarasi, ikaishia ziwani. Udongo wetu mwekundu nao ni mchoyo, huing'ang'ania hata hiyo kidogo iliyobaki. Kupata kipande kama itongo lile ni kazi ya maisha ya watu wawili, na ng'ombe wao.

Nilimkuta mdogo wangu ana tope hadi magotini, na shimo limeshafika kiunoni.

"Dada, karibu! Ona kazi."

"Simamisha. Mama atalima wapi maharage?"

"Si kuna shamba kubwa kule juu?"

"Kule juu umewahi kuvuna nini?"

Akachomeka jembe ardhini. "Wewe unakuja na kuondoka, dada. Mvua ikinyesha, anayehamisha kitanda cha mama ni mimi."

Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Nikataja udongo wa vichuguu. Akanicheka: vya karibu vyote majirani walishavijengea. Nikazunguka lile shimo, nikazunguka tena, nikimweleza mama, aliyekuwa ametoka kuja kututazama, habari za mwamba na mifupa. Alinisikiliza kwa upole, kama anavyosikiliza mahubiri marefu.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "nimechoka kulala na beseni kifuani. Acha anijengee. Udongo unaisha?"

Unaisha, mama. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa mbele ya mama, kisha nikaona haya. Tanuru liliwashwa nikiwa nimesharudi Kasulu.

Nyumba ilikamilika kabla ya mvua. Ni nzuri, sitasema uongo. Bati halivuji, na mama ana chumba chenye dirisha. Nilipoingia mara ya kwanza nilifurahi na kukasirika kwa pamoja, nikashindwa kukaa kwenye kiti nilichopewa. Msimu ule alipanda maharage ndani ya shimo, kwenye udongo mwekundu uliobaki. Yalitoa majani machache, yakagoma.

Mwezi uliopita nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikamuuliza yametoka wapi.

"Sokoni," akasema bila kuniangalia.

Nilitoka nje nikaweka kiganja ukutani. Ule udongo mweusi wote wa itongo ulikuwa mle, umechomwa, umepangwa mstari juu ya mstari, mahali ambapo hakuna mzizi utakaoufikia. Mama anaishi ndani ya shamba lake, na maharage ananunua ya watu.