Mguu Uliozikwa Bungoma

Siku moja isiyonitoka akilini, mwanangu, ni ile ndugu yangu Barasa aliponiomba nimkune kidole cha mguu ambao tulikuwa tumeshauzika.

Tuliishi mjini, mtaa wa Donholm, mimi msichana tu, mwenye mdomo mwepesi. Mashine ya kiwanda kimoja kule Industrial Area ilikuwa imemla Barasa mguu wa kulia, chini ya goti. Kwetu Bungoma kiungo cha mtu hakitupwi. Baba aliupeleka nyumbani, akauzika nyuma ya migomba, nasi tukadhani yameisha. Kumbe wapi! Kila alasiri Barasa alilia kwamba vidole vya mguu ule vimejikunja, kucha zinamchoma unyayo. Vidole vipi? Shuka ilikuwa imelala bapa.

Kaka yetu mkubwa, Kizito, akamcheka. "Sasa wewe unaumwa na hewa?"

Barasa akamtazama, jasho linamtiririka. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na mimi kipande changu kiko huko."

Mwili ulinisisimka, sikufichi. Baba naye hakucheka. Alisema pengine aliuzika ukiwa umekunjika, akatafuta jembe aende akaufukue, aunyooshe. Barasa alikuwa ameacha kula, amebaki mifupa, angekubali lolote.

Aliyetukemea ni shangazi, muuza nyama wa soko la Burma, ambaye hata baba alimwogopa. "Wewe Kizito, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na wewe kaka, weka jembe chini. Anayeumwa yuko hapa, hayuko migombani."

Tukampeleka hospitali. Daktari wa viungo akabandika vipande vyenye nyaya kwenye kigutu, akawasha kijisanduku cha betri. Akatueleza kwamba neva zilizokatwa bado hupeleka habari kichwani, na kichwa huamini mguu upo. Ule mtekenyo wa stima, umeme mdogo wa betri, huenda ukaziba njia, maumivu yasipite. Wengine huwasaidia, wengine hapana.

Barasa akainua kichwa, akatazama pale mguu ulipopaswa kuwa. Kisha akasema polepole, "Vinafunguka. Kimoja kimoja."

Nikatazama alipokuwa akitazama. Sakafu tupu. Hata hivyo nilivuta kiti changu nyuma, nisije nikaukanyaga.

Jioni ile alikula ugali, akaomba mwingine, na baba akatoka nje ili tusimwone akilia. Maumivu hayakuisha kabisa, mwanangu, nisikudanganye. Yaliporudi, alirudi kwa daktari.

Basi nikuase. Mtu akikwambia anaumwa, usianze kumdai akuonyeshe kidonda. Mwamini kwanza, halafu mpeleke kwa anayejua, maana dua bila hospitali ni kujichosha. Na stima ya ukutani si dawa. Usije ukajifanya fundi wa mwili wa mtu.

Mungu akulindie viungo vyako vyote. Na akipenda kukitwaa kimoja, asikunyime mtu wa kukusadiki.